Tuwape Vijana Wetu Amana Badala ya Laana

Neno likibadilika maana, mara nyingi hutueleza habari za watu wenyewe kuliko habari za lugha yao. Chukueni neno "teja". Leo hapa Mombasa, Malindi, Lamu hata Ukunda, mtoto wa miaka saba akilisikia anajua ni nani anayetajwa. Ni yule kijana aliyekonda, midomo imemkauka, aketiye kwenye ngazi za msikiti huku akibembea kama mashua iliyotiwa nanga. Wengi husema kwamba neno hilo limetokana na "mteja", yaani mnunuzi wa kila siku, na kijana huyo ni mnunuzi wa kila siku wa muuza unga. Lakini wazee wetu walikuwa na maana nyingine ya neno hilo. Mteja kwao alikuwa pia mgonjwa aliye mikononi mwa mganga, aliyekabidhiwa kwake mpaka apone.

Basi swali ninalotaka kuwauliza wasomaji wa ukurasa huu ni hili: je, kijana wetu abaki kuwa mteja wa muuza unga, au tumfanye mteja kwa ile maana ya wazee wetu? Na akishapona, tutamfanyia nini? Hili la mwisho ndilo ninaloliona zito zaidi, na ndilo tunalolizungumza kwa uchache zaidi misikitini na barazani.

YALIYOTUFIKA

Sisi tuliozaliwa kuelekea miaka ya 1970 tuliuona unga ukiingia mitaani kwetu. Kwanza ulikuja ule wa rangi ya kahawia uliovutwa kwa moshi. Kisha kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 ukaja mweupe, na pamoja nao zikaja sindano. Bahari ile ile iliyotuletea tende na mazulia ndiyo iliyotuletea sumu hiyo. Mnamo Aprili 2014 manowari ya Australia iitwayo Darwin ilinasa zaidi ya tani moja ya heroini katika jahazi moja, mashariki ya Mombasa. Mwaka 2019 na 2020 mahakama ya New York iliwahukumu ndugu wawili wa hapa Mombasa, Baktash na Ibrahim Akasha, kifungo cha miaka 25 na 23 kwa biashara hiyo. Hao wana mahakama zao. Mimi leo nina habari ya wale wasiotajwa magazetini, ambao majina yao huyasikia mama zao tu, tena usiku.

Mtoto wa miaka 13 haanzi kwa sindano. Huanza kwa muguka anaoutafuna na njugu mpaka alfajiri, au bangi, au gundi, au tembe anazouziwa mojamoja. Mnamo Mei 2024 serikali za kaunti za Mombasa na Kilifi ziliupiga muguka marufuku. Jambo likafika Ikulu na mahakamani, na marufuku ile ikasimamishwa. Palizuka ubishi mkubwa siku zile, huyu akitetea watoto wa Pwani, huyu akitetea wakulima wa Embu. Mimi siwalaumu waliopiga marufuku. Wazazi wengi walishukuru. Lakini marufuku, hata ikisimama, hufunga duka tu. Yule mtoto aliyekwisha kuzoea bado yupo nyumbani, na hana mtu wa kusema naye.

Hapa ndipo ninapoliona pengo letu wenyewe, tena ni pengo la kitambo. Mimi nilitiwa chuoni kabla sijajua kufunga shuka. Nilianza alifu kwa kijiti, nikapanda juzuu hadi juzuu mpaka nikahitimu, wazazi wakapika bisi na halua, mwalimu akavishwa kilemba. Hayo yangalipo, na alhamdulillahi. Lakini tazameni umri. Mtoto wetu huhitimu akiwa na miaka 11, 12 au 13. Siku ya pili ya khitma hana tena mwalimu wa kumuuliza jana ulikuwa wapi. Hajawa mtu mzima wa kuketi barazani na wazee, wala si mtoto tena wa kupangwa safu na wenzake chuoni. Anabaki njiani. Na njiani pana maskani, na kwenye maskani pana wakubwa wanaomkaribisha, wanaomjua jina, wanaomtuma, wanaomsifu akitumika vizuri. Maskani humpa kijana cheo kabla ya msikiti kumpa. Hatuna haki ya kushangaa akienda kule anakothaminiwa.

DAWA ZETU ZA DINI

Tunapogundua kwamba mtoto ameharibika, sisi watu wa dini tuna desturi tatu. Ya kwanza ni waadhi wa laana. Khatibu hupanda mimbari, akawataja watumiaji wa dawa za kulevya kwa sauti kali, akawaombea Mungu awaondoe. Mama aliye upande wa wanawake husikia, akijua kuwa anaombewa mwanawe aondolewe. Akirudi nyumbani hafungui tena mdomo kumwambia mtu. Na wahenga walikwisha kusema kwamba mficha maradhi kilio kitamfichua.

Ya pili ni kisomo na kombe. Kwa hili sina ubishi. Kurani ni shifaa, na moyo uliofadhaika hutulia kwa kusomewa. Lakini aliyezoea unga ana moyo na ana mwili. Akikosa unga kwa muda wa saa nane hadi saa kumi na mbili huanza arosto, kama wanavyoiita wenyewe: jasho, kutapika, tumbo kukata, mifupa kuuma, usingizi kutoweka. Siku ya pili na ya tatu huwa ndizo mbaya zaidi, na baada ya juma moja hivi mwili hupoa. Mzazi akadhani kwamba kombe limekwisha kazi. Kumbe hamu yenyewe hukaa kwa miezi, pengine kwa miaka, ikimngojea kwenye kona ya mtaa. Na aliyezoea pombe kali au tembe za usingizi, huyo akikatishwa ghafla pasina daktari huweza kupata kifafa na kufa. Hayo ni ya mwili, na mwili una elimu yake, nayo pia imetoka kwa Mungu.

Ya tatu ni kumfungia. Kuna nyumba hapa Afrika Mashariki zinazojiita za malezi ya dini, ambamo vijana hutiwa minyororo na kupigwa, na wazazi hulipa ada kwa kazi hiyo. Nasema waziwazi kwamba huo si uongofu. Juu ya hayo pana hatari ambayo kila mzazi wa Pwani apaswa kuijua. Kijana aliyekaa miezi mitatu bila ya unga, mwili wake huwa umesahau kuustahimili. Akitoka na kurudia kipimo kile kile alichokizoea zamani, kipimo hicho humuua. Siku za hatari zaidi ni hizo za mwanzo baada ya kutoka kifungoni au kituoni, wakati nyumba nzima imekwisha kushukuru Mungu na kulegeza macho. Ukimkuta kijana hazinduki, anapumua kwa mbali na midomo imegeuka rangi, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo. Ipo dawa ya kumzindua. Usimwache alale kwa kuona haya mbele ya majirani.

MTUME ALIWAFANYIAJE VIJANA?

Wale wanaodhani kwamba ukali ndio dini, nawaomba wairudie sira. Imepokewa katika Musnadi ya Imamu Ahmad kwamba kijana mmoja alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwomba ruhusa ya kuzini. Masahaba walimkemea. Mtume akamwita amsogelee, akamketisha, akamuuliza kwa upole: je, ungelipenda jambo hilo kwa mamako? Kwa bintiyo? Kwa dadako? Kwa shangazi na mama mdogo? Kila mara kijana akajibu hapana. Kisha Mtume akaweka mkono wake juu yake na kumwombea dua, na kijana yule hakuligeukia tena jambo lile.

Nawasihi wasomaji waizingatie hadithi hii hatua kwa hatua, kwani ndani yake umo utaratibu mzima ambao washauri wa leo husomeshwa kwa miaka vyuoni. Kijana alisema siri yake bila ya hofu. Alisogezwa karibu badala ya kufukuzwa. Aliulizwa maswali, na majibu yakatoka kinywani mwake mwenyewe. Mwisho aliguswa na kuombewa. Hakuna mahali alipotukanwa, na haramu haikuhalalishwa.

Tena yuko yule mtu katika Sahihi ya Bukhari aliyeletwa mara kwa mara kwa ajili ya ulevi na kuadhibiwa. Mmoja wa waliokuwapo akamlaani. Mtume akamkataza, akashuhudia kwamba mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu ilikuwapo, lakini mtu mwenyewe hakutolewa katika jamaa. Na Sayyidna Umar, ambaye hapana amwitaye mpole, aliposikia kwamba rafiki yake wa Shamu amezama katika ulevi alimwandikia barua yenye aya ya maghufira na toba. Yule mtu aliisoma na kuirudia huku akilia, mpaka akaacha. Umar aliwafunza wenziwe kwamba ndugu akiteleza wamwelekeze na kumwombea, wala wasimsaidie shetani dhidi yake.

Hata pombe yenyewe haikuharimishwa kwa siku moja. Kwanza ilishuka aya ya Suratul Bakara kueleza kuwa madhara yake yanashinda manufaa yake. Kisha katika Suratun Nisaa watu wakakatazwa kuikaribia sala nao wamelewa. Mwisho Suratul Maida ikaikata kabisa. Hukumu sasa imekamilika, na hapana mwenye ruhusa ya kuirudisha nyuma. Lakini ile njia ya kumpandisha mja ngazi kwa ngazi ingali ni mafunzo kwetu. Kijana aliyekuwa akitumia mara nne kwa siku akashuka hadi mara moja, huyo yuko safarini. Tusimvunje moyo kwa kumuuliza mbona hajafika.

DAWA YA HOSPITALI NA FATUWA ZA BARAZANI

Kwa waliozama katika heroini, serikali ilianzisha tiba ya methadoni: Nairobi katika hospitali ya Mathari, na kuanzia 2015 huku kwetu Malindi na Mombasa. Mgonjwa huenda kila siku, akanywa dawa mbele ya muuguzi, na arosto humwacha kwa siku nzima bila ya kumpa ule ulevi wa sindano. Akaweza kula, kulala, kufanya kazi na kusimama katika sala na akili yake timamu. Nimewasikia watu barazani wakisema kwamba huko ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Kauli hiyo nyepesi imewarudisha vijana kadhaa katika unga, kwa kuwa waliambiwa dawa yao ni haramu ilhali walikuwa wameanza kupona.

Wenzetu Waislamu wa Malaysia hawakusema hivyo. Mwaka 2010 mjini Kuala Lumpur, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Malaya walianza kutoa methadoni katika msikiti wa Ar-Rahman. Mgonjwa alipata dawa yake, akapata na sala, darsa na nasaha mahali pamoja. Naye Muislamu wa Baltimore, Marekani, tangu 1989 ana jumuiya iitwayo Millati Islami, ambamo waliokuwa walevi hukutana kusaidiana kuacha, wakizifuata hatua kumi na mbili zilizofanyiwa marekebisho kwa misingi ya Kiislamu. Kama msikiti wa Kuala Lumpur uliweza, wa Majengo au Shela utashindwa na nini?

Hata hivyo tusichanganye mambo. Methadoni ni kwa waliozoea heroini na jamii yake, tena kwa uamuzi wa daktari. Mtoto wa miaka 14 anayevuta bangi na kutafuna muguka hana dawa ya chupa. Dawa yake ni mtu wa kumsikiliza, na kazi ya kumshughulisha. Vituo vyetu vya Pwani, kama vile MEWA na Reachout hapa Mombasa na Omari Project ya Malindi, vimefanya kazi hii kwa miaka mingi, na vina watu wenye ujuzi. Havina mlango katika kila mtaa. Msikiti unao.

Na wasichana je? Hao nao wamo, ila hawaonekani kwenye ngazi za msikiti. Wamo ndani ya nyumba, na siri yao hufichwa kwa kufuli mbili, moja ya dawa na ya pili ya heshima ya ukoo. Desturi yetu ilikuwa na somo, yule mwanamke mtu mzima aliyekabidhiwa msichana amfunze mambo ambayo mama huona haya kuyasema. Somo alisikia mengi na hakutoa nje. Kwa nini tusiwatafute wanawake wa namna hiyo, wakapewa elimu ya ushauri, wakawa milango ya wasichana wetu?

AKISHATOKA, AENDE WAPI?

Sasa nalifikia lile nililoliita zito. Sote twaijua hadithi ya mtu aliyeua watu tisini na tisa, akamaliza mia, kisha akataka kutubu. Yule mwanachuoni hakumwambia tu kwamba toba iko wazi. Alimwambia ahame mji wake, kwani ni mji mbaya, aende mji fulani wenye watu wanaomwabudu Mungu, akaabudu pamoja nao. Toba yake ilipewa mahali pa kwenda.

Vijana wetu hutubu, lakini mji wa pili hawauoni. Hutoka kituoni wakarudi mtaa ule ule, maskani ile ile, na msikiti ambao watu wake bado huhesabu viatu wao wanapoingia. Kijana mmoja aliyekaa miaka miwili bila ya unga aliniambia: "Ami, nikipita sokoni watu hushika mifuko yao. Walionipokea kwa furaha ni wale wa maskani peke yao." Sikuwa na jawabu la kumpa siku ile isipokuwa kumwombea.

Jawabu nililiona baadaye, katika msikiti mdogo ambao sitautaja ili kuwasitiri wenyewe. Imamu wa hapo, bila ya hotuba wala sherehe, alimpa kijana mmoja aliyetoka katika unga kazi ya kusimamia tangi la maji na kuandaa futari mwezi wa Ramadhani. Alikabidhiwa ufunguo wa stoo na daftari la tende, sukari na unga wa ngano. Wazee wawili walipinga, na hoja yao ilikuwa ya haki: kijana huyo alikuwa amewahi kuiba vipaza sauti vya msikiti huo huo. Imamu hakuwabishia. Aliwaambia kwamba deni la vipaza sauti kijana atalilipa kidogo kidogo, na akamwekea mtu mzima mmoja wa kuhesabu naye daftari kila Ijumaa. Ramadhani ikapita, hesabu ikatimia. Mwezi wa tano kijana aliteleza, akatumia mara moja, akaja mwenyewe kusema. Imamu aliuchukua ufunguo kwa siku kumi, kisha akamrudishia. Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Hiyo ndiyo maana yangu ya amana, na hiyo ndiyo naiita mafunzo ya uongozi. Siku hizi neno uongozi limekuwa la semina, fulana na vyeti. Katika sira uongozi ulikuwa kazi halisi, na walipewa vijana. Usama bin Zaid alikabidhiwa jeshi akiwa na miaka 18 hivi, na ndani ya jeshi hilo wakiwamo watu wazima waliomtangulia kwa kila kitu. Wapo walionung'unika, Mtume hakumwondoa. Attab bin Asid aliachiwa Makka nzima akiwa kijana wa miaka 20 hivi, naye alikuwa amesilimu karibuni tu. Musab bin Umair, aliyekulia katika manukato na nguo za hariri, alitumwa Madina kuwafundisha watu dini, na miji ikafunguka kwa ulimi wake.

Tena msidhani vijana wa maskani hawaujui uongozi. Wana mkubwa wao, wana mtu wa kuweka fedha, wana mlinzi wa kuangalia polisi, na wana sheria ambazo anayezivunja huadhibiwa. Uwezo wanao. Uliotumika vibaya tuugeuze njia, kwa kuwa mtu asiye na kazi ya kufanya vizuri ataifanya ile iliyo karibu.

TUANZIE HAPA

Mimi si serikali wala si mfadhili, lakini nina maoni ambayo kila mtaa waweza kuyatimiza. Kwanza, kila msikiti uchague watu wawili, mwanamume na mwanamke, wenye subira na ulimi mzito. Wapelekwe kwa wenye ujuzi wakajifunze namna ya kumsikiliza kijana, namna ya kuitambua hatari ya mwili, na wakati wa kumpeleka kwa daktari. Ajulikane kila mtu kwamba linalosemwa kwao haliendi barazani wala polisi.

Pili, tuliangalie lile pengo la baada ya khitma. Watoto wa miaka 13 hadi 17 wawe na darsa yao ya jioni, walau mara mbili kwa juma, na isiwe ya kukariri peke yake. Wapewe mambo ya kuendesha wao wenyewe: mashindano ya mpira, dufu za maulidi, usafi wa makaburi, ugawaji wa nyama ya Idi. Wao wachague kiongozi, wao waweke hesabu, na mtu mzima mmoja akae nyuma yao bila ya kuwanyang'anya kazi. Atakayewahi kupewa ufunguo wa msikiti akiwa na miaka 14 atakuwa na cha kupoteza atakapoitwa maskani.

Tatu, aliyetoka katika dawa apewe kazi kwa vipimo. Asianze kwa kupandishwa jukwaani kusimulia maovu yake mbele ya kamera, kwani hiyo ni kumvua sitara aliyositiriwa na Mola wake, na makofi ya watu yakiisha huachwa peke yake. Aanze na dogo, tena afuatane na mtu. Akilimudu, aongezewe. Na aliyeibiwa ana haki yake; kijana afundishwe kuilipa, kwa kuwa kulipa nako ni katika kupona.

Nne, fedha. Wenye mali wetu hujenga misikiti mizuri, nasi twawaombea. Lakini nyumba moja ya wakfu ikikodishwa, kodi yake yaweza kumlipa mshauri mmoja mwaka mzima. Na mambo ya zaka, fungu la mafakiri na la wenye madeni, waulizwe maulamaa wetu watuongoze, maana vijana hawa wengi wao ni mafakiri na wote wana madeni.

Wapo watakaoniambia kwamba tukiwakaribisha hawa wataharibu watoto wengine. Hofu hiyo ninaielewa, mimi pia ni mzazi. Ndiyo maana nikasema kwa vipimo na kwa kufuatana. Lakini tukumbuke kwamba watoto hao wengine tayari wanakutana nao kila siku, pale kwenye kona, bila ya mtu mzima hata mmoja. Mkutano wa msikitini, mbele ya imamu, ndio ulio salama zaidi.

Mabaharia wetu walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Wengi katika vijana hawa watarudi, wakiwa hai, kama tutawawekea pa kurudi. Nami nimeyaweka maoni yangu katika ubeti mmoja, wa kuwaachia wavyele na maimamu:

Mwana akirudi kwetu, kwa toba aloishika,
Asisutwe mbele zetu, kwa kule alikotoka,
Apewe kazi ya mtu, ajue aaminika,
Mlango wa nyumba yetu, usifungwe akifika.

Ijumaa ijayo, mkitoka msikitini, mtamkuta kijana kwenye ngazi. Mtoleeni salamu kwa jina lake. Si jambo kubwa, lakini huenda ikawa ni mara ya kwanza mwaka huu kusikia jina alilopewa na babake. Wabillahi taufiki.